Anapojinyima Chakula, Msimjazie Sahani kwa Pupa

Binti akianza kukonda hapa Kigoma, iwe Ujiji au Mwanga, majirani hawakosi la kusema: karogwa, ana virusi, kaachwa. Vipimo vya VVU, kifua kikuu, kisukari na tezi ya shingo vifanyike kwanza. Vikitoka safi na bado anaisukuma sahani, muulizeni daktari kuhusu anoreksia nevosa, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula hadi mwili uishe. Si kiburi, wala si malezi mabaya. Huwapata zaidi wasichana walio katika rika la kubalehe, ingawa wavulana nao wamo: hasa mwenye wasiwasi mwingi, asiyejisamehe akikosa alama 5 kwenye mtihani, mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua, au aliyetaniwa mwili wake kisha akaanza kupunguza uzito. Wengine hawataji unene kamwe. Husema tu tumbo limejaa.

Mtazameni wakati wa kula. Anachambua dagaa mmoja mmoja, anawafuta mawese kwenye ukingo wa sahani, na tonge la ugali wa muhogo analimega vipande vidogo kama punje za mahindi. Anavaa sweta jua likiwaka. Ramadhani imeisha, yeye bado anafunga. Hedhi imekatika.

Mizani hudanganywa kwa maji anayokunywa kabla ya kupimwa, hivyo msiitegemee peke yake. Apumzike dakika 5, kisha hesabuni mapigo ya mkono kwa dakika 1 nzima. Yakiwa chini ya 50, au akizirai, au akitaja kufa, aende hospitali siku hiyohiyo. Mtu mzima wa sentimita 160 akishuka chini ya kilo 41, msisubiri.

Sasa hili tunaomba mlishike. Mama kwa uchungu hupika migebuka, hujaza sahani na kubembeleza: kula, mwanangu. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi umebakiwa na akiba ndogo ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Wanga mwingi ukiingia ghafla, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hupanda na kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Miguu huvimba, pumzi hubana, moyo huenda mrama. Hatari ni kubwa zaidi siku 5 za mwanzo. Kwa hiyo aliyepitisha zaidi ya siku 10 karibu bila kula aanze kulishwa hospitalini: vitamini B1 kwanza, damu ipimwe mara kwa mara, chakula kiongezwe hatua kwa hatua. Kipimo cha fosfeti kisipokuwepo, ombeni rufaa.

Takriban nusu hupona kabisa, lakini kwa miaka, si kwa wiki. Baadhi hubaki na mifupa dhaifu, na wapo wanaokufa, kwa moyo au kwa kujiua. Wanaowahi tiba hupata nafuu zaidi.

Akirudi nyumbani, milo 3 na vitafunio 2 au 3 kila siku, mtu mzima akiwa pembeni yake hadi nusu saa baada ya kula. Na wageni waambiwe mapema mlangoni: wasimsifu kwamba amenenepa. Kwetu ni neno la heri. Yeye akilisikia, kesho hatagusa uji.