Miezi 8 kabla ya kuacha kazi: anza na kabati, gari baadaye

Ndugu, nimekuelewa: umebakiza miezi 8 kazini, nyumba imejaa vitu, na wewe na mkeo mnataka kuhamia kwenye gari la kuishi ndani, mzunguke nalo. Gari lisubiri kwanza. Anza na kabati.

Mimi nilianzia jikoni. Sufuria 11, tulizokuwa tukipikia ni 3. Hizo 8 zilitoka bila machozi. Picha na barua ziache mwisho kabisa. Ukizigusa mapema utakaa sakafuni unasoma hadi giza liingie (yalinikuta). Na usikodi stoo "kwa muda tu". Nililipia miaka 2 kutunza meza ambayo mwishowe niliigawa bure.

Kabla ya kuuza nyumba, kodini gari la aina hiyo mlale humo wiki 2, ikiwezekana mvua zikinyesha. Angalieni uzito pia: lita 100 za maji peke yake ni kilo 100, na gari lina kikomo chake.

Bima ya afya ya mwajiri mara nyingi hukoma ukiondoka. Hilo, pamoja na kodi ya mafao, muulize mshauri wa fedha kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.