Wanangu mnaoanza sheria chuoni Tunguu, Zanzibar

Kila mwaka naulizwa kama mtu anaweza kufundisha sheria kisha akawa jaji. Anaweza. Profesa Ibrahim Hamis Juma alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2017 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Lakini cheo kisiwashughulishe sasa. Jifunzeni kwanza kupeleka shauri linakostahiki.

Chukueni shamba moja la mikarafuu kule Wete, Pemba. Mama kafariki, watoto wanagombania mafungu: hayo ni mirathi, na kwa Waislamu mlango wake ni Mahkama ya Kadhi. Jirani naye kasogeza mpaka: hilo ni la Mahkama ya Ardhi. Shamba ni lile lile, ila ukiyachanganya madai hayo mteja wako atazungushwa, na nauli ya kutoka kijijini anailipa yeye. Hata rufaa zake hazifuati njia moja. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinaizuia Mahkama ya Rufani ya Tanzania kugusa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi, na tafsiri ya Katiba yenyewe ya Zanzibar. Hayo humalizikia hapa hapa visiwani. Kisomeni wenyewe, msitosheke na noti za mwenzenu.

Jengine ni uandishi wa ushahidi, na hili ndilo linaloniuma. Shahidi mzee husema, "Mpaka unaanzia hapa, unakwenda hadi pale," mkono kaunyoosha. Waliomo chumbani wote wameona. Hakimu mgeni wa kazi huandika maneno hayo hayo, basi. Shauri likifika rufaa, jaji anasoma "hapa" na "pale" asijue ni wapi, na mwenye haki anaweza kukosa shamba la wazee wake. Wakili makini huuliza papo hapo: "Mzee, pale ni kwenye mchenza au kisimani?" Hakimu makini huandika jibu. Pakiwa pagumu, mahkama iende shambani, na kilichoonekana kiandikwe.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta ofisi ya wakili mkubwa, nendeni mkakae viti vya nyuma Mahkama ya Wilaya, Chake Chake au popote mlipo karibu. Andikeni ushahidi kama kwamba mnaoamua ni nyinyi. Kisha mpeni asome mwenzenu ambaye hakuwepo. Akishindwa kujua shahidi alionesha wapi, kesho rudini tena.