Maswali ya wasomaji: Barua za akina Stanley wa Alderley

Baada ya kuwataja akina Stanley wa Alderley, familia ya Cheshire iliyokaa jirani na serikali ya Uingereza karibu enzi yote ya Malkia Victoria, tumepokea maswali mengi. Haya matano yanagusa mambo yanayowasumbua wengi.

Ninasoma barua hizi katika mikusanyo miwili iliyochapishwa 1938 na 1939. Kila ukurasa kuna Edward Stanley, Lord Stanley au Lady Stanley. Mnawatofautishaje?

Kabla ya kusoma barua hata moja, chukua karatasi uandike orodha ya majina: kila mtu na mstari wake, na mbele ya kila cheo uweke mwaka kilipoanza na mwaka kilipokoma. Bila orodha hiyo utapotea, na si kosa lako. Vyeo vya Waingereza huhama kutoka mtu hadi mtu kama kofia.

John Thomas Stanley alifanywa baroni 1839, akafariki 1850. Mkewe, Maria Josepha, aliyezaliwa 1771, ndiye Lady Stanley wa miaka hiyo kumi na moja. Mwana wao Edward John ni Mr Stanley hadi 1848. Mwaka huo alipewa ubaroni wake mwenyewe baba yake akiwa bado hai, akawa Lord Eddisbury, na mzee alipofariki akawa Lord Stanley wa Alderley. Mkewe Henrietta Maria alimfuata hatua kwa hatua: Mrs Stanley, Lady Eddisbury, Lady Stanley. Kwa hiyo "Lady Stanley" wa Machi 1849 ni mama mkwe, na "Lady Stanley" wa Machi 1851 ni mkaza mwana. Mama mkwe hakuwa ameondoka. Aliishi mpaka 1863 akiitwa Dowager, yaani mjane wa mwenye cheo, na kalamu yake haikupumzika.

Ongeza pacha wa Edward John, William Owen, naye mbunge, aliyekuwa na makazi Penrhos huko Anglesey. Ongeza pia baba yao mdogo, Edward Stanley, askofu wa Norwich tangu 1837 hadi alipofariki 1849.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya nyumba. Kuna akina Stanley wengine, wale wa Derby. Edward Geoffrey Stanley aliitwa Lord Stanley kuanzia 1834 hadi 1851, kisha akawa Earl wa Derby na kuwa waziri mkuu mara tatu kwa upande wa Conservative. Alipopanda, jina la Lord Stanley likamwangukia mwanawe, Edward Henry, aliyelibeba hadi 1869. Sasa chukua barua ya 1866 inayosema Lord Stanley ameingia Wizara ya Mambo ya Nje. Huyo ni wa Derby. Wa Alderley alikuwa Whig, chama kilichopingana na Conservative, na mwaka huohuo ndio kwanza alikuwa anatoka kwenye kiti cha Posta Masta Mkuu alichokikalia tangu 1860. Ukiwachanganya, utakuwa umemhamisha mtu chama.

Barua nyingi zina siku tu: "Thursday", au "Monday 10th". Je, inawezekana kupata mwaka, au ni kubahatisha?

Inawezekana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mradi uanzie nje ya barua.

Barua ya kabla ya 10 Januari 1840 iliyopitia mkononi mwa mbunge ni bahati. Hadi siku hiyo wabunge walikuwa na haki ya kutuma barua kumi kwa siku na kupokea kumi na tano bila malipo. Tangu 1784, ili kuzuia udanganyifu, sheria ilimtaka mbunge aandike kwa mkono wake, upande wa anwani, mahali na tarehe kamili, kisha atie saini. Kwa nyumba ambayo mwana wake aliingia bungeni 1831 hiyo ilikuwa akiba ya kweli, maana enzi hizo aliyelipa kwa kawaida ni mpokeaji, na alilipa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Leo sisi ndio tunaonufaika: ndani mwandishi kaweka "Thursday" tu, nje mbunge kaweka siku, mwezi na mwaka. Ila saini hiyo ya nje si lazima iwe ya mwandishi. Wabunge waliombwa hisani na ndugu, wageni na majirani.

Kuanzia 1840 ilikuja posta ya peni moja kwa kila nusu aunsi, kama gramu 14, na bahasha ikawa kitu cha kawaida. Stempu nyeusi ilianza Mei 1840, na nyekundu ikachukua nafasi yake 1841. Muhuri wa kuifuta stempu ulikuwa msalaba wa Malta hadi 1844, kisha zikaja namba. Matundu ya kuchania yakawa ya kawaida kuanzia 1854. Kwa hiyo stempu nyekundu isiyo na matundu, iliyofutwa kwa namba, inakupa takriban 1844 hadi 1854 kabla hujafungua karatasi. Hakikisha tu kwamba bahasha na barua ni za pamoja: mikunjo ya karatasi iingie sawasawa ndani yake. Wajukuu walipanga upya mafurushi, na barua ikaishia kwenye bahasha ya mwenzake.

Halafu inua karatasi kwenye mwanga. Viwanda vingi vya Uingereza viliweka mwaka ndani ya alama ya maji, desturi iliyoletwa na sheria ya ushuru ya 1794. Mwaka huo ni sakafu, si dari: barua haiwezi kuwa ya kabla yake, ila inaweza kuwa ya miaka miwili mitatu baadaye, au zaidi kama bibi alikuwa na akiba kabatini.

Sasa kalenda. Tuseme una "Monday 10th" na alama ya maji ya 1847. Mwaka 1847 tarehe 10 iliangukia Jumatatu mara moja tu, Mei. Mwaka 1848 mara tatu: Januari, Aprili na Julai. Mwaka 1849 mara mbili: Septemba na Desemba. Kutoka miezi thelathini na sita umebaki na sita. Hapo ndipo yaliyomo yanapoingia kazini. Mwandishi akisema maduka London yamefungwa na watu wanaapishwa kuwa askari wa muda, ni 10 Aprili 1848, siku ya mkutano wa Wachartist, waliodai haki ya kupiga kura, uwanja wa Kennington. Akizungumzia moto wa kuni na barabara zilizoganda, Julai itoe. Wengi huanza na yaliyomo kisha wakalazimisha kalenda ifuate, na hapo ndipo tarehe za uongo huzaliwa.

Vifupisho vitatu vya kukariri: "inst." ni mwezi huu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao. Na tarehe iliyoongezwa kwa penseli na mkono mwingine ichukulie kama dhana ya mtu, hata kama mtu huyo ni wa familia. Iandike ndani ya mabano ya mraba.

Nimeona picha ya barua yenye mistari iliyokatizana kama wavu. Inasomekaje?

Mwandishi alijaza ukurasa, akaugeuza robo mzunguko, akaandika tena juu ya maandishi yale yale. Ni tabia iliyozaliwa na posta ya kulipia kwa karatasi, nayo ilibaki kwa wengi hata bei iliposhuka.

Usipambane na mielekeo yote miwili kwa pamoja. Kata kidirisha kwenye kadi nyeusi, urefu wa mstari mmoja na kimo chake, ukiteleze juu ya picha, kamwe si juu ya barua yenyewe. Soma mwelekeo mmoja hadi mwisho wa barua nzima, ndipo ugeuze. Jicho huzoea baada ya kurasa mbili. Wino wa juu mara nyingi umekatiza ule wa chini, na ukikuza picha kwenye makutano ya mistari utaona upi ulitangulia.

Angalia pia mpangilio wa kurasa. Karatasi ilikunjwa katikati ikawa kurasa nne, na si wote waliofuata 1, 2, 3, 4. Wengine waliandika ule wa kwanza, wakarukia wa mwisho, kisha wakafungua na kujaza zile mbili za ndani kwa upana. Sentensi ikikatika bila maana mwisho wa ukurasa, jaribu ukurasa mwingine kabla ya kumlaumu mwandishi.

Waliosoma kabla ya 1800, kama Maria Josepha, walikuwa na s ndefu inayofanana na f, hasa ya kwanza kati ya s mbili. "Wd" ni would, "shd" ni should, "Ld" ni Lord. Nakili kama ilivyo, pamoja na makosa na mistari ya mkazo. Neno usilo na hakika nalo liweke kwenye mabano ya mraba na alama ya kuuliza. Ukisahihisha kimoyomoyo leo, kesho hutajua lipi lao na lipi lako.

Kuna miezi mizima Edward na Henrietta hawakuandikiana. Je, waligombana?

Pengine walikuwa wanakula meza moja. Barua ni zao la kutengana. Bunge likikaa, kwa kawaida kuanzia Februari hadi Agosti, mume yuko London. Mke akibaki Alderley na watoto, barua zinamiminika. Wakiwa pamoja, kimya. Ndiyo maana mwaka ambao familia nzima ilihamia London kwa msimu unaweza kuonekana mtupu, ingawa ndio uliojaa siasa.

Tumia orodha ya pili: nani alikuwa wapi, wiki kwa wiki. Kwa miaka ya 1846 hadi 1852, Edward John alipokuwa naibu waziri wa Mambo ya Nje, karibu muda wote chini ya waziri Palmerston, orodha hiyo inaeleza vipindi vingi vya kimya bila kuhitaji ugomvi.

Jambo jingine ni mwendo wa posta. Reli ya Manchester hadi Crewe ilikamilika 1842 ikipitia Alderley, na barua ya London ilifika siku ya pili yake. Basi barua mbili huweza kupishana njiani, na inayoonekana kama jibu isiwe jibu. Mfano unaojulikana ni wa Novemba 1847, Henrietta alipomwarifu mumewe kwamba mimba asiyoitaka imetoka, baada ya yeye mwenyewe kuishughulikia. Watafiti wa historia ya uzazi huutaja sana. Anayeutumia apange kwanza barua zote za wiki hiyo kwa siku, za pande zote mbili, ajue nani alikuwa ameshasoma nini alipokuwa akiandika.

Na usitarajie siasa itangulie. Habari ya baraza la mawaziri hukaa kati ya kikohozi cha mtoto na mshahara wa mpishi, na anayeruka kikohozi huipoteza pia habari. Henry, mwana wao mkubwa, ni mfano mwingine. Alisilimu, akarithi cheo 1869, akawa Mwislamu wa kwanza kukaa Bunge la Malodi. Nyumbani jambo hilo lilikuwa la familia kabla halijawa la taifa. Huyu Henry, kwa njia, ndiye aliyetafsiri maelezo ya Duarte Barbosa yanayotaja Kilwa na Mombasa, yaliyochapishwa 1866, kwa hiyo wasomaji wa historia ya pwani yetu wamekutana naye, pengine bila kujua ni mtoto wa nyumba hii.

Nataka kutafsiri baadhi ya barua na kuzichapisha. Zina miaka zaidi ya 150, bila shaka ni huru?

La. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana umri wa barua si kipimo. Kwa sheria ya Uingereza, maandishi ya mtu aliyefariki kabla ya 1969 ambayo yalikuwa hayajachapishwa 1 Agosti 1989 yana hakimiliki hadi 31 Desemba 2039. Hakimiliki hiyo ni ya warithi wa aliyeandika. Si ya aliyepokea, wala si ya anayeshika karatasi leo. Kibali cha hifadhi ya nyaraka kupiga picha si kibali cha kuchapisha.

Zilizotoka katika ile mikusanyo ya 1938 na 1939 ni habari nyingine. Maandishi yaliyochapishwa wakati huo baada ya mwandishi kufariki yalilindwa miaka 50 tangu kuchapishwa, kwa hiyo muda wake umekwisha huko Uingereza. Lakini dibaji na maelezo ni ya mhariri, Nancy Mitford, kilembwe wa Henrietta, aliyefariki 1973. Hayo yanalindwa hadi mwisho wa 2043. Tafsiri barua, acha maelezo yake, andika yako. Angalia pia sheria ya nchi utakayochapishia, kwani muda unaweza kutofautiana.

Kama warithi hawapatikani hata baada ya kuwatafuta kwa dhati, ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia hakimiliki hutoa leseni ya kazi yatima, isiyozidi miaka saba kwa mara moja, nayo inafaa kwa matumizi ya ndani ya Uingereza tu. Weka kumbukumbu ya kila barua pepe na kila simu uliyopiga kuwatafuta, pamoja na tarehe, kwa sababu ombi lisilo na ushahidi huo halipiti.