Presha sawa, sukari sawa, lakini moyo wenyewe ukoje?

Wenzangu wenye miili mikubwa, leo naongea na nyie. Kuna ile kauli yetu, "mi mnene lakini presha iko poa, sukari sina, moyo hauna shida", na kweli vipimo vyangu vilikuwa hivyo hivyo. Kilichonipeleka hospitali ni kamba za viatu. Nikiinama kufunga, pumzi inakata kabla sijamaliza fundo, nikikaa wima inarudi, na kila mtu anasema ah, ni kitambi tu kinabana. Daktari akaniandikia eko, ile utrasaundi ya moyo, na majibu yakasema ukuta wa chemba ya chini kushoto umenenepa na chemba ya juu yake imeshaanza kutanuka.

Nikamuuliza imekuwaje wakati sina presha. Akanielewesha kwamba mafuta mwilini nayo yanalishwa na damu, kwahiyo kilo zikipanda damu inaongezeka, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kila pigo, hata ukiwa umekaa tu, hata usingizini, miaka nenda rudi. Chemba inatanuka, ukuta unanenepa. Na msuli wa moyo sio kama wa mkono kwamba ukinenepa tushangilie, huu ukinenepa unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, basi presha inarudi nyuma mpaka kwenye mapafu na ndo hapo pumzi inakata. Utafiti wa Framingham kule Marekani, majibu yaliyotoka 2002, ulionyesha wenye unene uliopitiliza wana hatari kama mara mbili ya moyo kufeli, na hapo presha na sukari zilishawekwa kwenye hesabu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Ripoti ya eko inakuja na namba moja ambayo kila mtu anaikimbilia, asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo, ukiambiwa 60 unaambiwa safi nenda nyumbani. Hiyo inapima kusukuma tu! Moyo unaweza kusukuma vizuri kabisa na bado ukashindwa kulegea, na huko nako ni kufeli kwa moyo. Kwahiyo uliza mambo matatu: ukuta una unene gani, chemba ya juu kushoto ina ukubwa gani, na moyo unalegeaje. Hiyo chemba ya juu ikitanuka mapigo yanaweza kuanza kwenda hovyo, damu inaganda humo ndani, na bonge la damu likichomoka likafika kwenye ubongo ni kiharusi.

Na kama unakoroma halafu mwenzio anasema pumzi huwa inasimama usingizini, kamwambie daktari, usione aibu, maana hiyo inapandisha presha ya mapafu na inauchosha upande wa kulia wa moyo.

Mizani sio kila kitu, pima na kiuno, kikizidi nusu ya urefu wako basi mafuta ya ndani ni mengi, na hayo ya ndani ndo mabaya zaidi, mengine yanaenda kukaa juu ya moyo wenyewe. Habari njema ni kwamba ukuta unaweza kupungua unene, sio lazima urudi kuwa mwembamba, hata asilimia 10 ya uzito ikitoka moyo unapata nafuu. Anza kwa kutembea, usikurupuke kukimbia kabla hujapimwa. Ila kama miguu inavimba, unalala kwa mito mitatu, au unaamka usiku unatafuta hewa, wahi hospitali kwanza, mazoezi yatasubiri.

Na kingine, kwenye mwili mkubwa picha za eko wakati mwingine hazitoki vizuri, ukiona wameandika hazikuonekana vizuri usikubali iishie hapo, omba irudiwe au waulize kama unaweza kufanyiwa MRI ya moyo, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku.