Maswali Yenu Kuhusu Vyombo: Ushuru wa Vitu vya Japani na Bei ya Kinanda

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Kisumu, Kakamega, Nakuru na kule Busia, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: Marekani ikipandisha ushuru kwa elektroniki za Japani, sisi wanamuziki wa huku tutanunua vyombo kwa bei gani? Nimechagua tano.

Mpiga kinanda, Kondele, Kisumu: Habari ya kazi mhariri. Mimi hupigia bendi ya ohangla, tunacheza sherehe na matanga, na kinanda changu kimeanza kukufa funguo za katikati, nabonyeza mara mbili ndio ilie. Nimekuwa nikiweka pesa ninunue Korg ama Yamaha ya kati hivi. Sasa muuzaji ameniambia niweke deposit wiki hii manake Marekani imeweka ushuru kwa vitu vya Japani na mzigo unaofuata utakuja na bei ya juu sana. Nataka kuchukua loni ya sacco. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, loni usichukue kwa sababu ya hiyo habari. Ukiwa na sababu nyingine sawa, lakini si hiyo.

Habari yenyewe haijatungwa. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 24 kwa bidhaa za Japani, Julai ikaandika barua kusema itakuwa 25, na kabla mwezi huo haujaisha wakaelewana na Tokyo iwe 15. Lakini jiulize nani analipa. Analipa mwagizaji wa Marekani, analipia forodha ya Marekani, mzigo ukiingia bandari ya Marekani. Kinanda kilichopakiwa Asia kikashukia Mombasa kikaletwa Kisumu kwa lori hakijapita kwa huo mlango hata kidogo, kwa hivyo hakuna mtu ametozwa hio 15 njiani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatuliangalii. Kampuni ni ya Japani lakini kinanda chenyewe kimetengenezwa wapi? Yamaha na Roland makao yao ni mji mmoja, Hamamatsu, na Korg wako Tokyo, lakini Yamaha ina viwanda vikubwa Indonesia na China, na Roland ina kiwanda Malaysia, hata pedali nyingi za gita za Boss, ambayo ni jina la Roland hiyo hiyo, zinatoka huko. Forodha haisomi jina lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa, inaangalia nchi kitu kilikotengenezwa. Leo jioni pindua hicho kinanda chako, chini kuna kibandiko cha namba ya kinanda (serial number), utaona pameandikwa "Made in Indonesia" ama "Made in China". Mwaka huo huo wa 2025 Indonesia na Malaysia waliwekewa na Marekani asilimia 19, si 15, kwa hivyo hata mpiga kinanda wa Chicago aliyelia juu ya ushuru wa Japani, pengine alicholipia ni ushuru wa Indonesia.

Kinachouma mfuko wako ni viwili, na vyote viko karibu. Cha kwanza ni ushuru wetu wenyewe. Nchi za Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja, asilimia 0, 10, 25 na tangu Julai 2022 kuna hiki cha 35, na kitu kinaingia kwa kiwango kulingana na kundi lake. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16, ambayo inapigwa kwa thamani ya mzigo ikishajumlishwa na ushuru, kuna ada ya IDF, yaani ya fomu ya kutangaza mzigo unaoagiza, asilimia 2.5, na ile ya reli ambayo ilikuwa 1.5 ikapandishwa 2 mwisho wa 2024. Chukulia mzigo wa thamani ya 100,000 ukifika bandarini. Ukiwekwa kiwango cha 10, ushuru ni 10,000, VAT 17,600, IDF 2,500, reli 2,000, jumla umefika 132,100. Mzigo huo huo ukiwekwa kiwango cha 25 unafika 149,500. Tofauti ya 17,400 imetoka kwa kundi tu, na hujahesabu ejenti wala lori wala faida ya mwenye duka.

Cha pili ni shilingi, na hapa ndio wanamuziki walipigwa vibaya wasijue ni nini. Januari 2024 dola moja ilikuwa inagonga shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikarudi kama 130 na ikakaa hapo. Kinanda cha dola 600 ni 96,000 kwa bei ya kwanza na 78,000 kwa bei ya pili, yaani 18,000 zimeenda ama zimerudi bila kiwanda kubadilisha hata senti. Hakuna muuzaji aliyekupigia simu shilingi iliposimama akakwambia njoo bei imeshuka, si ndio?

Sisemi ushuru wa Marekani hauwezi kutufikia kabisa. Kampuni inauza dunia nzima, ikibanwa soko moja kubwa inaweza kugawa hasara ikapandisha bei kila mahali, na pia inaweza kufanya kinyume, mzigo usioenda Marekani ikautafutia soko kwingine kwa bei nzuri. Lakini hayo yanakuja polepole, na kinanda kilicho kwa rafu ya duka saa hii kilishalipiwa kila kitu kitambo. Muulize huyo muuzaji: mzigo unaofuata unatoka nchi gani na unapitia wapi? Akikosa jibu, weka pesa yako mfukoni.

Na funguo zinazokufa katikati, kabla hujanunua chochote mpelekee fundi afungue. Chini ya funguo kuna ukanda wa raba wenye vidoti vyeusi vya kaboni, ukibonyeza kile kidoti kinagusa bodi ndio sauti inatoka. Vumbi la matanga, jasho, soda iliyomwagika, vyote vinaingia hapo, na funguo za katikati ndizo zinaguswa sana ndio maana zinaanza wao. Mara nyingi zikipanguswa na spiriti safi zikakauka vizuri zinarudi, na raba ikiwa imekwisha inabadilishwa hio raba tu. Kinanda kinaweza kukupeleka mwaka mwingine huku ukiweka akiba bila riba.

Mwalimu wa kwaya, Kakamega: Shikamoo. Kwaya yetu imechanga pesa ya kinanda na miksa. Mpwa wangu anaishi Texas, anasema huko vitu ni rahisi atununulie atume. Je, kwa hii mambo ya ushuru bado ni rahisi?

Jibu: Marahaba mwalimu, na hongereni kwa mchango. Wewe ndiye mmoja kati ya wote walioandika ambaye huo ushuru wa Marekani unamgusa moja kwa moja, kwa sababu mpwa wako ananunua kwa duka la Marekani ambapo ushuru umeshaingizwa kwa bei ya rafuni. Halafu kitu kikifika hapa KRA nao wanatoza kivyao, hawajali kwamba kule kilishatozwa. Mnalipa serikali mbili kwa kinanda kimoja, na katikati mmelipa kodi ya mauzo ya Texas.

Kuna na umeme. Marekani wanatumia volti 120, sisi ni 240. Vinanda vidogo vinatumia adapta, na adapta ikiwa imeandikwa "100–240V" mnabadilisha plagi tu. Lakini miksa zenye amplifaya ndani na spika zenye umeme wake, nyingine zimefungwa kwa volti 120 pekee, na mtu akichomeka kwa soketi ya kanisa itatoa moshi siku hiyo hiyo. Mwambie mpwa wako apige picha nyuma ya kila kitu, pale kebo ya umeme inaingia, awatumie kabla hajalipa. Kama kimeandikwa 120V peke yake, msinunue. Mkibaki na mashaka nunueni hapa kwa risiti na waranti, mkiharibikiwa mnajua mlango wa kugonga. Binafsi miksa ningenunua hapa bila kufikiria sana.

Prodyusa, Section 58, Nakuru: Niaje. Mimi napenda sinthesaiza za zamani zilizotengenezwa Japani zenyewe, na kule mitandaoni zinauzwa bei poa juu yen imekuwa chini. Kuna jamaa anaagiza gari Japani ameniambia tunaweza weka vinanda viwili ndani ya buti zije na gari, hakuna mtu atajua. Inaweza?

Jibu: Poa kaka, wazo la kununua Japani moja kwa moja ni zuri kuliko unavyodhani, manake huo ushuru tunaosoma haukugusi, ni wewe na Japani na Mombasa. Na ni kweli yen imeshuka, mwaka 2024 ilifika dola moja kwa yen 160. Kitu cha yen 80,000 kilikuwa kama dola 500 hivi, wakati miaka michache nyuma dola ikiwa yen 110 ungelipa zaidi ya 700.

Ila buti ya gari acha. Kitu kisichoandikwa kwa makaratasi ni kosa la forodha, wakikipata wanakichukua, na gari la jamaa yako nalo linaweza kushikwa kwa sababu yako, halafu kila siku inayopita bandarini kuna gharama ya kuhifadhi inapanda. Tena hizo gari zinaendeshwa kuingia na kutoka melini na watu wengi, funguo ziko ndani, ukiweka sinthesaiza ya 1985 hapo unaomba Mungu tu. Tafuta wanaokusanya mizigo midogo ya watu wengi kwa kontena moja, ulipe haki yako, upate karatasi ambayo kesho ukitaka kuuza itakusaidia.

Japani ni volti 100, tena chini hata ya Marekani. Mashini ya zamani ina transfoma yake ndani, haina hii mambo ya "100–240". Utahitaji transfoma ya nje ya kushusha 240 hadi 100, na ubandike maandishi makubwa juu ya soketi ili kijana wa studio asichomeke kwa ukuta akitafuta mahali pa kucharji simu. Angalia pia wati za transfoma zizidi za mashini. Watu wananunua transfoma ya 120 wakidhani ni sawa. Kwa mashini ya miaka 40 hizo volti 20 za ziada ni joto la kila siku na joto ndilo linaua.

Wa bendi, Busia: Si nivuke tu ninunulie Uganda?

Jibu: Viwango vya forodha ni vile vile vya jumuiya, na VAT yao ni 18, yetu 16. Ukiona bei ya chini sana upande ule, uliza kimeingiaje.

Mzee wa gita, Bungoma: Nilipiga gita la solo miaka ya themanini. Nakumbuka hata wakati huo tuliambiwa Marekani imegombana na Japani juu ya elektroniki, na kweli vyombo vikapanda bei mpaka bendi nyingi zikakodisha. Si ni hadithi ile ile imerudi?

Jibu: Shikamoo mzee. Unakumbuka vizuri, ugomvi ulikuwepo. Aprili 1987 Rais Reagan aliweka ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za Japani za thamani ya dola milioni 300, chanzo kikiwa chipu za kompyuta, Marekani ikisema Japani imevunja makubaliano ya 1986. Lakini bidhaa zilizopigwa zilikuwa kompyuta, televisheni za rangi na mashini za mkono za umeme kama za kutobolea. Gita na kinanda hazikuwa humo, na mwaka huo huo sehemu ya ushuru ikaanza kuondolewa.

Kilichopandisha vyombo ni yen. Septemba 1985 nchi tajiri zilikutana New York zikakubaliana kushusha dola, na yen ambayo ilikuwa kama 240 kwa dola ikafika karibu 150 kufikia 1987. Kila kitu cha Japani kikawa ghali dunia nzima, na wakati huo vyombo vingi vilikuwa bado vinatengenezwa Japani kwenyewe, ndio kipindi kampuni zikaanza kuhamisha kazi nchi nyingine za Asia. Sasa ongeza ya kwetu mzee, manake hapa kuagiza kitu ilitaka leseni, na pesa za kigeni zilikuwa za kuomba, mpaka leseni zilipoondolewa 1993. Bendi ya Bungoma ilikuwa ikingojea saini Nairobi ndio ipate amplifaya. Wewe ulikodisha kwa sababu hizo mbili, yen na saini.

Leo saini hakuna, na yen imelegea. Kama vijana wako wanataka gita la umeme la Japani lililotumika, huu ni wakati mzuri kuliko ule wako, bora tu waulize ejenti awaandikie kwa karatasi kabla ya kulipa: kundi gani la forodha, kiwango gani, jumla ngapi. Gita na kinanda ziko kundi la vyombo vya muziki, spika na amplifaya ziko kundi la vitu vya umeme, na ejenti mvivu huandika vyote pamoja kama elektroniki. Walete mzigo ukiwa na orodha ya kila kitu na bei yake, gita kwa mstari wake, amplifaya kwa mstari wake.