Hatutengenezi faida, kwa nini tukaguliwe kama kampuni?

SWALI: Chama chetu kinaendesha treni ya mvuke ya kale mwisho wa wiki. Wote tunajitolea, na nauli yote huishia kwenye matengenezo. Mkaguzi ametusimamisha hadi tumpe kumbukumbu za boila, yaani tangi linalochemsha maji yawe mvuke, na orodha ya nani ameidhinishwa kufanya kazi gani. Tuna mafundi wastaafu wanaoijua injini hiyo kuliko yeye. Je, hatustahili unafuu?
Katibu wa chama

JIBU: Ndugu Katibu, unafuu upo, ila hautokani na kukosa faida. Uingereza, reli ambazo mwendo wake hauzidi kilomita 40 kwa saa hazidaiwi cheti cha usalama wanachodaiwa waendeshaji wa njia kuu. Hata hivyo ni lazima ziwe na mfumo wa usalama ulioandikwa, na boila ikaguliwe na mtu mwenye sifa. Kinachopunguza masharti ni mwendo na hatari. Abiria aliyeketi nyuma ya injini hapungukiwi na hatari kwa kuwa mchochea moto halipwi mshahara.

Nimechochea makaa kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo naomba tuzungumzie maji. Bati la juu la tanuru, chumba cha moto kilichomo ndani ya boila, lazima lifunikwe na maji wakati wote. Likikauka linaiva, linalainika, na shinikizo linalisukuma ndani. Ndivyo ilivyotokea karibu na Gettysburg, Marekani, tarehe 16 Juni 1995, kwenye treni ya watalii: wahudumu watatu waliungua. Wachunguzi walilaumu uongozi kwa matengenezo duni ya boila na vifaa vyake, na kwa kutowafunza wahudumu. Sheria ya huko iliyoanza mwaka 2000 inataka boila ifunguliwe na kukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia.

Sasa hao wastaafu wako. Nawaheshimu kwa dhati, lakini ujuzi uliomo kichwani mwa mzee mmoja haumsaidii kijana atakayeshika zamu siku mzee akiugua. Muulize kila anayepanda injini akuonyeshe anavyojaribu kioo cha maji, ule mrija unaoonyesha kimo cha maji ndani ya boila: afungue bomba la chini, maji yatoke kwa kishindo, alifunge, kisha atazame maji yakirudi juu. Yakipanda kwa kusuasua, njia imezibwa na uchafu ulioganda na kioo kinadanganya. Asiyeweza kukueleza hivyo, msimwandike kwenye orodha, hata kama ndiye mfadhili wenu mkubwa.

Hapo ndipo vyama vya hiari huteleza, maana ni vigumu kumwambia rafiki anayejitolea, “Leo hupandi.” Mteueni mmoja mwenye mamlaka ya kuizuia treni, mwenyekiti asiweze kumpindua asubuhi ya safari hata kama tiketi zimeshauzwa. Jina lake liwe la kwanza kwenye hiyo orodha mtakayompa mkaguzi.