Jibu: Kwa nini Jaggar aliacha chuo akaenda kuishi kwenye volkano?

Habari ndugu. Nikikuelewa, wasifu wako wa Thomas Jaggar umekwama hapa: profesa wa jiolojia mwenye cheo chake, alifuata nini Kilauea, volkano ya Hawaii?

Anza na Martinique, kisiwa cha Karibi, 1902. Mei 8 mlima Pelée ulilipuka ukaangamiza mji wa Saint-Pierre, watu wapatao 28,000. Jaggar alifika Mei hiyohiyo, akakuta magofu na majivu. Akaona kumfuata mlima baada ya maafa ni kuchelewa. Inabidi ukae jirani nao, uupime kila siku. Ndipo 1912 akaanzisha kituo cha kuchunguza volkano huko Kilauea, Hawaii. Chumba cha chini cha mitambo ya kupimia mitetemo kilichimbwa na wafungwa, tena kwa mikono!

Mabomu yaliyodondoshwa 1935 kwenye lava ya Mauna Loa, volkano nyingine ya Hawaii, ili kuigeuza njia, usiyape nafasi kubwa. Yeye alidai yalisaidia, wengine wakabisha mpaka leo. Mimi ningekazania tsunami: Februari 1923 mitambo yake ilinasa tetemeko la Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi, akaonya bandari ya Hilo, hukohuko Hawaii, wakampuuza. Mawimbi yakaja kweli. 1933 alipoonya tena, walimsikiliza.